Wali Maharage

Mtu aliyekwama huwa wa mwisho kujua. Mama ntilie wangu pale Kariakoo alijua zamani. Haniulizi nakula nini. Nikikata kona tu, wali maharage unapakuliwa, mchicha pembeni, pilipili juu. Majuzi nikajikaza: "Mama, leo nipe ugali samaki." Akaweka upawa chini, akanitazama usoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba, nyumbani mko salama?" Watu wakanisogezea nafasi kwenye benchi. Mzee mmoja, ambaye hata simfahamu, akanipa pole. Nikapokea pole, nikala wali maharage, maana ulikuwa umeshapakuliwa.

Konda wa daladala la Mbagala naye hunishusha nikiwa bado usingizini. Siku niliyotaka kupitiliza Mtongani mpaka Rangi Tatu, nikaulizie fremu ya kuuzia vipuri vya bodaboda, alinigusa bega: "Anko, kwako hapa." Nikasema leo nakwenda mbele. Abiria wakacheka, wakamwambia konda nimelewa usingizi, nishikwe mkono nisianguke. Nikajikuta chini, mkoba wangu ukinifuata kupitia dirishani.

Habari za fremu hiyo mke wangu anazisikia tangu mtoto wetu hajaanza shule. Kila akiniuliza najitetea kwa mfano wa serikali: TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na Waziri Mkuu akaja kuhamia huko mwaka 2016. Kama nchi nzima ilichukua zaidi ya miaka 40, mimi na vipuri vyangu haraka ya nini?

"Baba Neema," akasema jioni moja, huku akichambua mchele bila hata kuinua macho, "serikali wakati inachelewa ilikuwa inajenga. Wewe umejenga nini?"

Nikatazama sebule nzima nikitafuta jibu. Nililoliona ni kochi, na shimo lililochimbika katikati yake, saizi yangu kabisa. Hoja ya Dodoma sijaigusa tena tangu jioni ile.

Basi nimelipa. Mwenye fremu alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na risiti yake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba pesa ikishapokelewa hairudishwi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, bodaboda yako ikikatika cheni au ikizingua plagi, tafadhali, njoo Rangi Tatu.