Brashi ya Muungwana

Waungwana wa Uingereza wana starehe yao: brashi ya kunyolea ndevu ya manyoya ya mnyama aliye ukoo mmoja na nyegere. Ile ya daraja la juu bei yake inanunua beberu, na harufu yake ikiwa mpya ni ya beberu huyohuyo. Mwenyewe hakubali kwamba inanuka. Atakwambia "bado haijazoea". Basi huikoroga kwenye povu zito la sabuni, akailaza nalo usiku kucha, asubuhi akaisuuza kwa maji ya vuguvugu (yanayochemka huharibu nywele na kulegeza gundi), akainusa, akakunja uso, akaanza upya. Ya nywele za nguruwe ina madeko zaidi: hailainiki mpaka ncha zipasuke kwa kutumika. Muislamu, uliza kabla hujalipa.

Lakini kuosha si madoido. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, brashi za nywele za farasi zisizosafishwa ipasavyo ziliwaambukiza watu kimeta, Uingereza na Marekani.

Ukizawadiwa moja, ioshe. Ikikataa kunukia, kasugulie viatu.