Harusi Iko Makete, Tena Juni: Hesabu Ukishuka, Maana Mwenyewe Unapanda

Bwana harusi ana maduka Kariakoo, lakini ni Mkinga, na Mkinga hata akizeekea mtaa wa Msimbazi, harusi ni kwao. Wewe wa Mbagala, unayelala na feni mwaka mzima, soma haya kabla hujakata tiketi.

7. Wahi. Ukishapanda Kitonga, ukapita Mafinga, Makambako na Njombe, usidhani umefika. Mlima ndio kwanza unaanza. Uwanda wa Kitulo, huko huko Makete unakokwenda, uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Fika siku mbili kabla. Anayeshuka kwenye basi alfajiri na kuingia kanisani mchana husinzia wenzake wakila kiapo, na mpiga video hana huruma.

6. Sweta. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000, na Juni usiku huko juu umande huganda. Mwambie fundi aache nafasi ya sweta chini ya sare. Dada, gauni la kata mikono ni zuri sana. Livae, ila na koti juu. Picha utapiga dakika mbili, ukumbini utakaa saa sita.

5. Jua. Ndiyo, jua! Miale yake huzidi kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Hutasikia joto, utasikia pua inababuka. Kofia na mafuta ya midomo.

4. Pumzi. Kila uvutapo hewa unapata oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Dar. Zile stepu za kuingilia ukumbini mlizozifanyia mazoezi Sinza, kateni nusu, la sivyo msimamizi atafika meza kuu amebebwa. Kichwa kikiuma na chakula kikakukataa, tulia, kunywa maji, usizidi kupanda. Ukiona hali inazidi, teremka Njombe. Zawadi itafika bila wewe. Hapa utani pembeni: mwenye selimundu, au tatizo la moyo au mapafu, amwone daktari wake kabla ya kuthibitisha kuhudhuria. Mwinuko unaweza kumwamshia maumivu makali mwenye selimundu. Kamati ikinuna, inune.

3. Ulanzi. Utomvu wa mianzi huu ukiwa mbichi ni mtamu kama juisi, na ndipo mgeni anapoponzwa, kwa sababu unaendelea kuchacha hata ukiwa kwenye kikombe chako. Usiku wa kwanza uache upite. Mjomba atakucheka, mjomba kazaliwa huku.

2. Njaa. Maji huku huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo maharage hayana haraka na mtu. Beba karanga, umwache mpishi kwa amani.

1. Jiko la mkaa halilali na watu. Usiku baridi ikikaza, mwenyeji mwema ataliingiza chumbani na kufunga dirisha, kwa mapenzi kabisa. Mshukuru, kisha ulitoe nje wewe mwenyewe, hata kama mkaa umebaki mwekundu tu bila moshi. Hewa yake ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua mtu usingizini. Omba blanketi la pili. Yakiwa yamekwisha, sogea kitandani kwa shangazi: anakoroma, lakini ana joto.