Barua ya Wazi kwa Hazina: Mahindi Yalishaliwa

Kwa Mheshimiwa Hazina,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

YAH: DENI LA MAHINDI

Wakulima wa Ufipa, mkoani Rukwa, wanatumaini kuwa ulipohama Dar es Salaam madaftari ya madeni hayakudondoka njiani.

Msimu wa 2014 mahindi yalijaa, na wakulima wa Rukwa wakapanga foleni na magunia yao kwenye vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA). Wakapimiwa, wakapewa stakabadhi, wakaambiwa fedha zinakuja. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, alijiita mtoto wa mkulima, tena kwao Katavi kulikuwa sehemu ya Rukwa hadi 2012, basi wakulima wakaamini. Kumbe mvua zina haraka kuliko hundi. Msimu wa kulima ukaingia, na hakuna duka lililotoa mbolea kwa stakabadhi.

Hivyo wakulima wanaomba ruhusa ya kulipa ushuru wa mazao kwa utaratibu huohuo. Mkusanya ushuru atakaribishwa vizuri, apewe kigoda na togwa, kisha aandikiwe karatasi yenye mhuri uliochongwa kwenye kiazi. Arudi baada ya bajeti. Akirudi atakutana na Kamati ya Uhakiki, bibi watatu waliokalia magunia, watakaodai kitambulisho, picha mbili za pasipoti na saini ya mkusanya ushuru aliyemtangulia, ambaye alishahamishiwa Tandahimba. Jina la mkusanya ushuru mwenyewe litaonekana limepungua herufi moja, kwa hiyo atasubiri awamu ya pili. Wakati huo kamati itakuwa kwenye semina elekezi huko maporomoko ya Kalambo, kwa posho ya mkusanya ushuru huyohuyo. Mwisho atapokewa na mkuu mpya wa kaya, ambaye atamweleza kwa upole kwamba deni hilo ni la uongozi uliopita.

Mahindi yale yaliliwa, Hazina. Sekondari za serikali zilikuwa bado zikitoza ada, na mtoto alirudishwa nyumbani huku magunia ya baba yake yamelala kwenye ghala la serikali. Mwaka 2017 ikaja marufuku ya kuuza mahindi nje bila kibali, na mpaka wa Zambia pale Kasesya ukabaki wa kutazama. Hukulipa, na mnunuzi aliyetaka kulipa ukamfungia njia! Sokoni Laela mtu wa namna hiyo angekimbizwa kwa mawe.

Samahani. Heshima imerudi.

Kuhusu hesabu, wakulima wameona yanayowapata wanaouliza. Aprili 2018 mbunge wa upinzani Zitto Kabwe aliuliza zilipo shilingi trilioni 1.5 kutoka kwenye ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), na wengi wakajadili chama chake kuliko tarakimu zake. Mwaka uliofuata Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG mwenyewe, Profesa Mussa Assad, kwa sababu alilitaja kuwa na udhaifu. Basi deni la mahindi lipewe kadi ya chama tawala, lisije likaonekana la wapinzani.

Marekani nako vyama havikuaminiana juu ya bajeti, serikali ikafungwa siku 35, kati ya Desemba 2018 na Januari 2019. Lakini watumishi wake walilipwa malimbikizo kwa sheria. Kama dawa ni hiyo, Ufipa watachangia kufuli.

Wakulima wako watiifu.

Viambatisho: stakabadhi, zilizosalimika na panya.
Nakala: Mamlaka ya Mapato (TRA), ambao hawajawahi kupotewa na anwani ya mtu.