Shangazi, Huku Muziki Unatundikwa Ukutani

Shangazi, shikamoo. Na wote hapo Ngamiani, Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu, pamoja na yule jogoo anayewika saa sita usiku.

Sebuleni kwetu hapa Minneapolis kuna saa mpya ya ukutani, na saa hiyo imetengenezwa kwa muziki. Usinikatize, naeleza. Mjukuu wako, ambaye sasa ana miaka 15 na amenipita urefu, anampenda mwimbaji Taylor Swift kupita kiasi. Mwaka 2022 bibi huyo alitoa albamu iitwayo Midnights, akaitoa pia kwenye santuri, sahani zilezile za Babu, ila hizi zina rangi. Akatoa majalada manne. Nyimbo zilezile 13, sauti ileile. Kinachobadilika ni rangi ya sahani na picha ya jalada. Mtu mwenye akili zake ananunua moja anakwenda zake. Lakini ukiyageuza yale majalada manne na kuyapanga mraba, migongo yake inaungana kuwa uso wa saa, namba zote kumi na mbili. Na waliouza sahani wakauza pia kifaa chenye mishale, karibu dola 50, cha kuyashikia majalada ukutani ili saa iende.

Mjukuu wako amekusanya kidogokidogo, kwa pesa za Idi na za kulea watoto wa majirani, hadi mwezi huu ya nne ikapatikana. Saa inakwenda vizuri, sina la kusema. Kwa gharama yake mbuzi wa Idi anapatikana na hela ya mchele inabaki. Nikamuuliza, kwa upole kabisa, tunazisikiliza lini. Akanitazama kwa huruma. "Baba, hatuna gramafoni."

Kweli hatuna.

Wala usidhani ni wazimu wa nyumba yangu peke yake. Luminate, kampuni inayopiga hesabu za biashara ya muziki hapa Marekani, ilikuta kwamba katika watu walionunua santuri, nusu tu ndio wenye mashine ya kuzipigia. Nusu nzima wananunua muziki wa kutazama! Na mwaka 2022 santuri ziliuzwa nyingi kuliko CD, kwa mara ya kwanza tangu 1987. Babu angefufuka leo angedhani alilala usiku mmoja tu, akauliza sindano iko wapi.

Sahani hizi zina hadi sikukuu yake. Tangu 2008, Jumamosi moja ya Aprili, maduka ya santuri ya watu binafsi huuza matoleo maalumu, na watu hupanga foleni tangu alfajiri. Aprili ya Minneapolis si ile mnayoijua ninyi ya masika na vyura. Nilimsindikiza mjukuu wako nimevaa makoti mawili na kikoi nimejitanda kichwani, na theluji ya mwisho wa msimu bado imelala kando ya njia. Mbele yetu mzee mmoja alikuwa amekuja na kiti, blanketi na chupa ya chai. Huyo ndiye niliyemwonea wivu.

Masharti ya foleni hiyo, Shangazi, sikiliza. Kila mtu nakala moja ya kila toleo. Hakuna kuwekewa. Hakuna kupiga simu jana yake. Mimi mtoto wa Tanga nikaona haya ni mambo ya kuzungumzika. Nikamsogelea kijana wa mlangoni, nikamsalimia, nikamuuliza habari za nyumbani, za kazi, za baridi, na nilipoona ameiva nikamwambia taratibu: ndugu yangu, hakuna moja ya kutuwekea pale chini ya meza? Akatabasamu meno yote, akasema haiwezekani, akanitakia siku njema. Hata kukasirika hakukasirika! Mtu anayekunyima bila hasira utampatia wapi upenyo? Wewe uliyepanga foleni ya sukari na sabuni miaka ya themanini unajua kwamba foleni isiyo na mlango wa uani ni adhabu tupu.

Walau foleni ilikuwa na mazungumzo. Huu ni mji wa Prince, yule aliyefariki 2016, na studio yake ya Paisley Park iko Chanhassen, nje kidogo tu ya mji. Kila mtu hapa aliyevuka miaka hamsini amewahi kukutana naye: huyu kituo cha mafuta, huyu kwenye lifti, huyu alimwona kwa mbali lakini Prince alimtazama. Nikaona nisidharaulike. Nikawaambia kwetu waimbaji hatukutani nao kwenye vituo vya mafuta, tunawapigia kura. Nikawapa habari ya Professor Jay, aliyeimba "Ndio Mzee" akijifanya mwanasiasa mwenye ahadi za uongo, na mwaka 2015 akachaguliwa mbunge wa Mikumi. Nikawapa na ya Mwana FA wetu, mbunge wa Muheza tangu 2020, aliyeteuliwa naibu waziri mwaka 2023. Mzee wa kiti akauliza kama wizara yenyewe ni ya muziki. Nikamjibu na michezo imo. Akafunika chupa yake akawaza sana.

Sasa nije kwenye ombi lako, Shangazi, la kutaka nikuunganishe kwenye programu yetu ya muziki ili usikilize bila matangazo ya biashara. Nimelishughulikia, na sheria zao zimenishinda. Wana kifurushi cha familia. Nilifurahi kusikia neno familia, nikajua hapa tumefika nyumbani. Nikafungua. Kumbe familia, kwa mujibu wao, ni watu sita. Sita, Shangazi! Hapo kwenu wakati wa futari sita ndio wanaosubiri nafasi ya kukaa mkekani. Na si sita tu: wote wawe wanaishi anwani moja. Mtoto akihamia chuoni, kwa mashine si mwanao tena. Mke akisafiri kikazi akakawia, shaka tupu.

Nikakaa nikatafakari anwani yenu. Anwani yenu ni sanduku la posta la Mjomba, lile la ofisini kwake, ambalo barua zako zinapitia, na za Baba Mdogo, na za msikiti, na za timu ya vijana, na majibu ya mtihani ya nusu ya mtaa. Kwa hesabu za mashine hii, Barabara ya Kumi na Mbili yote inaishi ndani ya kile kisanduku, na mwenye ufunguo ndiye baba wa familia. Nikajaribu kuiandika. Ikaniuliza namba ya nyumba na jina la mtaa wa kisanduku. Nikaifunga, nikaenda kuchemsha chai. Endelea na redio yako, ina matangazo lakini haikuulizi umelala wapi.

Mashine hiyohiyo ina mchezo mwingine. Inachukua nyimbo za watu wawili, inazichanganya, kisha inatamka mnafanana kwa asilimia ngapi. Mjukuu wako na rafiki yake, binti wa Kisomali wa jengo la pili, walikaribia mia. Mimi na mtoto niliyemzaa tukapata asilimia ambayo hata riba ya benki inaizidi. Alinihurumia, akaninunulia aiskrimu kwa pesa zangu.

Na mwisho wa mwaka ndio inakuvua nguo kabisa. Inakuletea taarifa kwa rangi za harusi: wimbo uliousikiliza kuliko wote ni huu. Mimi humu ndani najulikana kuwa mtu wa hip hop, mwenye misimamo. Taarifa ikatokea: Shakila, "Macho Yanacheka". Shakila wetu wa taarabu, wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, aliyekuwa akisikika dirishani kwako ukichambua mchele. Mjukuu wako akaitazama simu, akanitazama mimi. "Kumbe ndiyo huyo ninayemsikia jikoni usiku." Nikamwambia ni wimbo mzuri wa kuoshea vyombo. Akasema usiku ule hapakuwa na vyombo. Watoto wa huku wanafundishwa kufikiri, ndiyo hasara yake.

Kusikiliza usiku tena ni kwa sauti ya panya, maana mkataba wa nyumba unataka ukimya kuanzia saa nne. Hata mchana si salama. Jumamosi moja nilipika wali wa nazi na taarabu, nikiwa na dirisha wazi, nikakuta kikaratasi kimepenyezwa chini ya mlango: tafadhali punguza kidogo, na kichwa kinachotabasamu kimechorwa pembeni. Sijalala. Hapo kwenu jirani akituma mtoto kwa habari ya muziki, ni kuja kusema mama anasema ongezeni, upande ule hausikiki. Huku kila mtu ana nyimbo zake ndani ya masikio yake mwenyewe. Wenzake mjukuu wako wakija, wanakaa kochi moja, wanatumiana nyimbo kwa simu kutoka mto huu hadi mto ule, hakuna anayesema neno. Unaona tu vichwa vinakubali. Enzi zenu kadi moja ya salamu Radio Tanzania ilibeba majina ya ukoo mzima kwa wimbo mmoja, na ambaye jina lake limesahaulika anakununia hadi mwezi wa mfungo.

Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba kizazi hiki hakijui kugawana muziki. Juzi akaja kukaa karibu yangu, akachomoa kidude cha sikio la kushoto, akakifuta kwa ncha ya shati, akanipa. "Sikiliza. Usiseme kitu. Bado. Bado. Ngoja... sasa!" Na wakati wote huo alikuwa haangalii simu, ananiangalia mimi usoni, hapepesi, kuona kama nitashtuka mahali palepale anaposhtuka yeye. Nilishtuka, Shangazi. Nusu kwa wimbo, nusu kwa sababu macho yale nayajua. Ndiyo niliyokukazia wewe nikiwa kidato cha pili, nimekuletea kaseti ya kundi letu la Tanga, Wagosi wa Kaya, na lile daftari langu la nyimbo, mistari kwa kalamu nyekundu, vibwagizo kwa bluu, maua ya kuchora pembezoni kwa kuwa nilimwomba mtoto wa fundi cherehani anisaidie na yeye hakujua kuchora kitu kingine. Nilikukalisha jikoni ukiwa umetoka zamu ya usiku, bado una gauni jeupe, nikakuwekea "Wauguzi". Katika nyimbo zote za nchi yetu, nikamchagulia muuguzi wimbo wa kuwasema wauguzi.

Hukusema kitu. Ulisikiliza hadi mwisho, ukabonyeza ukatoa kaseti, ukaifungia kwenye sanduku la kanga, ukaniambia nikachote maji.

Mjukuu wako nimemsimulia, amecheka hadi amelala chini, na sasa ana kazi kwenu nyote. Anatengeneza orodha ya ukoo. Kila mtu atume wimbo mmoja aliokuwa anaupenda alipokuwa na miaka 15, na aseme kwa sauti, kwenye simu, kwa nini. Masharti ni yake, mimi ni karani tu. Mjomba asitume hotuba. Baba Mdogo, nyimbo za kuishangilia Coastal Union hazihesabiki, hata kama mwaka 1988 tulichukua ubingwa. Anayetaka kutuma kaswida atume, lakini aimbe mwenyewe. Idadi ya watu haina kikomo na hakuna atakayeulizwa anwani.

Wewe, Shangazi, umewekewa kifungu chako. Pamoja na wimbo wako anaiomba ile kaseti, kwa sababu kaseti nazo zimerudi kwenye fasheni na wenzake hawana ya Tanga. Mpe yeyote anayekuja huku, aitie kwenye soksi. Na usianze kusema sijui ilipo, wala kwamba hukuipenda. Mama Mdogo ameshaniambia kwamba siku ya sherehe yako ya kustaafu, wauguzi wenzako walipouweka wimbo huo kwa utani, uliinuka ukaimba ubeti wa pili wote bila kukosea neno.

Wako mpendwa,
Karani wa orodha