Kwa Waheshimiwa Ndege Wahamaji

Barua ya wazi kwa Wabunge wa Ulaya, Strasbourg, Ufaransa

YAH: OMBI LA WAHESHIMIWA KUFUGWA MIAKA MITATU

Waheshimiwa,

Naandika kwa niaba ya kundi lisilo na chama wala msemaji: wenzi wanaokwenda Strasbourg likizo na baiskeli mbili na darubini moja ya kugombania. Madai yao ni madogo. Jiji limekwisha kuwatandikia zaidi ya kilomita 600 za njia za baiskeli. Hifadhi tatu za asili za kitaifa zinalinda misitu ya kingo za mto Rhine kandokando ya jiji, na korongo weupe wamejenga viota juu ya miti ya bustani ya Orangerie, dakika chache kwa baiskeli kutoka kwenye jengo lenu la vioo. Kinachowakwamisha ni kitanda. Wiki mnayotua ninyi, hoteli hufurika na bei za vyumba hupaa kuliko korongo wenyewe. Wangeweza, kweli, kuvizia wiki zisizo na vikao, kama mtu anavyovizia ndege adimu. Au wasubiri Agosti, mnapokuwa mapumzikoni. Ila Agosti ndipo korongo wasafiri nao wanapofunga safari ya kusini, na chumba bila ndege si likizo waliyoiwekea akiba.

Historia ya korongo hao inawahusu kuliko mnavyodhani. Mwaka 1974 Alsace nzima ilibakiwa na jozi 9 tu. Ukame wa Saheli, nyaya za umeme na kukaushwa kwa ardhi oevu viliwamaliza, maana korongo wa huko huvukia Gibraltar kwenda Afrika Magharibi (wale tunaowaona sisi mbugani Kenya na Tanzania hutoka Ulaya ya mashariki). Dawa ilitoka Uswisi, kwa Max Bloesch, aliyeanza kazi hiyo kijijini Altreu mwaka 1948. Korongo mchanga hufungiwa kwenye tundu kubwa kwa miaka mitatu hivi, akilishwa vizuri, mpaka hamu ya kuhama imtoke. Akifunguliwa hatafuti Afrika. Anatafuta mwenzi na vijiti. Leo Alsace ina mamia ya jozi. Mtu anaweza kulalamika kwamba ndege aliyesahaulishwa njia ya mababu zake amedhulumiwa, na mimi sitambishia sana. Lakini wengi wa watoto wao walianza tena safari bila kufundishwa na mtu, kwa hiyo hata tundu halikuua kitu kilichokuwa na maana.

Sasa jitazameni ninyi. Mko 720. Mara 12 kwa mwaka mnatoka Brussels, safari ya zaidi ya kilomita 400, mnakaa siku nne, kisha mnarudi mlikotoka, na nyuma yenu wasaidizi, wakalimani na malori yenye masanduku ya nyaraka. Korongo huenda mara moja na kurudi mara moja, tena kwa sababu inayoeleweka: chakula kimepungua. Kwenu chakula hakijapata kupungua upande wowote. Yeye hupandishwa na hewa ya moto, akateleza masafa marefu karibu bila kupiga bawa. Safari zenu zinapandishwa na walipa kodi: mwaka 2014 Mahakama ya Wakaguzi wa Hesabu ya Ulaya ilikadiria kwamba kubaki Brussels kungeokoa yuro milioni 114 kila mwaka. Kufanana mnafanana pia. Korongo karibu hana sauti. Mwenzake akitua kiotani, hulaza shingo nyuma mpaka kisogo kiguse mgongo, akagonganisha mdomo kwa kasi, ta-ta-ta-ta. Aliyesimama chini ya mti atadhani hoja imepita. Tofauti ni kwamba yule anayepigiwa makofi mara nyingi amekuja na kijiti.

Mtajibu kwamba kosa si lenu, na hapo mna nusu ya haki. Itifaki ya Amsterdam ya 1997 inadai vikao 12 vifanyike Strasbourg, kamati zikutane Brussels na sekretarieti ikae Luxembourg, viota vitatu kwa ndege mmoja; na kuibadili kunataka nchi zote 27 zikubali, Ufaransa ikiwemo. Mlipojaribu kubana vikao viwili ndani ya wiki moja ya Oktoba 2012, Ufaransa ilikwenda mahakamani ikashinda. Mwaka 2013 mkapiga kura 483 dhidi ya 141 kudai haki ya kujiamulia makao, kisha mkaenda kufunga masanduku. Ndiyo maana siombi mkataba mpya, naomba tundu. Ushahidi kwamba linafaa mmeutoa wenyewe: wakati wa korona, tangu Machi 2020 hadi Juni 2021, hamkukanyaga Strasbourg kwa vikao, mkapiga kura kwa mbali, na sheria zikaendelea kutoka. Ile ilikuwa miezi 15 tu. Dozi haikutimia, ugonjwa ukarudi. Safari hii tundu lijengwe Orangerie, na kamati za Brussels mtazihudhuria kwa skrini, mmeshazoea.

Lipo pingamizi moja nisilolifanyia mzaha. Strasbourg ilibadili mikono kati ya Ufaransa na Ujerumani mara nne baina ya 1871 na 1944, na bunge la pamoja mahali hapo lina uzito ambao hesabu za wakaguzi haziupimi. Lakini alama ya upatanisho haihitaji lori. Tangu 2004 lipo daraja la waenda kwa miguu na baiskeli juu ya Rhine, Passerelle des Deux Rives. Wenzi wetu huvuka kwenda Kehl asubuhi kunywa kahawa ya Wajerumani, wakarudi kula mchana kwa Wafaransa. Bunge linalokaa muda wote Strasbourg lingeiheshimu historia hiyo kuliko bunge linalopitia.

Wanasheria wenu wataleta Sheria ya Ndege ya Ulaya, iliyotungwa kwanza 1979, inayokataza kukamata ndege wa porini. Wasome mpaka Ibara ya 9: ruhusa ipo, kwa ajili ya kurudisha spishi mahali pake. Wala msidhani tunawacheka kutoka mbali, maana Bunge letu la Afrika Mashariki lina makao Arusha na bado huzungusha vikao vyake katika nchi wanachama. Tundu likifaa kwenu, tutaomba ramani.

Ila ujenzi ukamilike kabla ya Februari. Ndipo korongo madume wa kwanza wanaporudi, na hupigania kiota cha zamani bila kuuliza aliyekikalia ana kinga ya kibunge.

Wenu katika ujenzi wa kiota,

Mwangalizi wa ndege