Jinsi ya Kumtambua Ndege wa Mowlem kwa Picha ya Simu

Watazamaji ndege wa Karen hubeba darubini na kofia ya kaki. Sisi wa Mowlem, mtaa mwingine wa Nairobi, tuna roshani, simu iliyopasuka kioo na majirani wajuaji. Inatosha. Fuata hatua hizi.

1. Piga picha mbaya. Mlenge ndege akilipa jua mgongo, nyuma ya nyaya za stima na kamba ya nguo. Kisha ivute picha hadi abaki vidoadoa. Hapo mpe jina lolote. Hakuna wa kukubishia.

2. Hakikisha ana uhai. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutumika Kenya, yangeyange wengi wa kwenye nyaya zetu walikuwa wametoka dukani na sukari ndani. Siku hizi wamepungua, lakini subiri kwanza ajikune.

3. Tuma picha kwenye kundi la WhatsApp la ploti. Utajibiwa papo hapo: “Huyo ni tai!” Usishangae. Mowlem kila mwenye mdomo wa kunasa nyama ni tai. Wewe tazama mkia. Ukiwa na panda, huyo ni mwewe. Ukizidi kushuku, muulize muuza mutura. Yeye hakumjua kwa mkia, alimjua kwa hasara.

4. Usimwogope mzee wa paani. Ana kipara, mfuko shingoni, na anakutazama kama landlord tarehe tano. Huyo ni korongo marabu, na shibe yake iko jaani Dandora. Kimo chake hukaribia mita moja na nusu, kwa hiyo usiandike “kandege kadogo” eti kwa sababu kwenye picha ni kadogo. Wala usimsifie soksi nyeupe: miguu yake ni ya rangi nyeusi-nyeusi, na weupe huo ni kinyesi anachojimwagia makusudi ili apoe.

5. Epuka ugomvi wa kunguru. Shemeji wa Mombasa atashikilia kwamba kunguru ana shingo ya kijivu. Mwache. Wa kwao ni kunguru wa India, mhamiaji wa Pwani. Wetu ni mweusi mwenye kizibao cheupe. Lakini mweupe karibu mwili mzima, mwenye kichwa cheusi kisicho na manyoya na mdomo mrefu uliopinda chini, si kunguru aliyezeeka. Ni kwarara.

6. Ukishindwa kabisa, ipeleke picha kwenye tovuti ya iNaturalist na uandike “ndege” tu. Inaruhusiwa. Watu usiowajua watapendekeza majina, na jina litapita likiungwa mkono na zaidi ya theluthi mbili yao. Theluthi mbili, ndugu yangu! Bunge letu linahangaika na ile ya jinsia tangu Katiba ya 2010, na hawa wameimaliza kwa picha ya mwewe.