Jino la Mshenga

Fedheha iliyonifika Ijumaa baada ya sala ya alasiri haijapoa bado, wala sioni dalili ya kupoa, kwa kuwa kila nikutanapo na mtu wa ukoo ule huigusa taya yake kwanza ndipo anijibu salamu. Wageni walikuja kwa shughuli ya posa, wakaketi ukumbini kwa vyeo vyao, udi ukafukizwa, mahamri na mbaazi za nazi zikaandaliwa. Na mshenga wao, mzee mwenye haiba na ufasaha, ambaye meno yaliyomsalia yangehesabika bila ya vidole vya mikono kwisha, naye kwa sababu hiyo akiyathamini kuliko kijana anavyoyathamini thelathini na mawili yake, alikuwa amefika pahali pazito pa maneno, pale panapotajwa jina la binti, aliponyanyua kikombe cha chai ya rangi, akapiga funda, akanyamaza. Kisha akatia vidole viwili kinywani, taratibu, akatoa kitu kidogo, cheupe, kigumu, chenye ncha, akakilaza kiganjani na kukitazama kwa majonzi.

"Jino," akasema.

Ukumbi mzima ukainuka. Mtu wa nyuma, aliyekuwa haoni sawasawa, akaanza kutoa rambirambi. Kijana wao mmoja akawasha taa ya simu, akamwinamia mzee na kumhesabu meno kwa sauti, na hesabu ikatimia; akahesabu tena, maana hakuna aliyeridhika, nayo ikatimia vilevile; hata tukajikuta tuna jino lisilo na mwenyewe, tena lililotoka katika kikombe cha nyumbani kwangu. Macho yote yakanigeukia kinywani. Hapo mke wangu, kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti aliyoikusudia isikike, akasema kuwa hilo si jino, ni birika. Na kwa kuwa maneno hayo yalizidisha taharuki badala ya kuiondoa, ilinilazimu kulileta birika lenyewe mbele ya hadhara ile tukufu, nilifunue, na kuwaonyesha wakwe watarajiwa magamba meupe yaliyojipanga ndani tabaka juu ya tabaka. Posa ikaahirishwa, mzee apumzike.

Kitu kile kilikuwa jiwe, na safari yake mpaka kufika kinywani mwa mshenga ni ya ajabu. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mvua inaposhuka hunyonya hewa ya ukaa kidogo angani na nyingi zaidi udongoni, ambamo mizizi na vijidudu vyapumua, ikageuka kuwa tindikali dhaifu yenye subira kubwa. Ikipenya mwambani huula punje kwa punje na kuuchukua ukiwa umeyeyuka, usionekane kwa jicho, hadi kisimani. Maji hayo yakitiwa moto hewa ile hukimbia, na jiwe, likiwa halina tena cha kulibeba, hurudi kuwa jiwe palepale penye joto, katika chuma cha birika. Wazee wetu walipochoma matumbawe tanurini wapate chokaa, walikuwa wakiifukuza hewa hiyohiyo. Na chokaa ilipopakwa ukutani, ikaivuta tena kutoka angani, polepole, hata ikawa jiwe upya. Basi kuta za Mji wa Kale na magamba ya birika langu ni ndugu wa damu, na siku nilipolielewa jambo hili, nakiri, nililitazama birika kwa heshima.

Kanzu nyeupe iliyogeuzwa kijivu na maji hayo ikakakamaa, na sabuni iliyonigandia nyweleni asubuhi ya Idi, hayo nayapita.

Habari zilipoenea mtaani akanijia bwana mmoja muuza mashine za kulainisha maji, akatia maji ya kisima changu chupani, akadondosha sabuni, akatikisa. Pakafanyika utando wa kijivu. Akatikisa maji yake mwenyewe, yakatoa povu la kifahari. Jaribio hili alilileta Thomas Clark, mwanakemia wa Aberdeen, katika miaka ya 1840, ingawa bwana yule alilitenda kana kwamba amelirithi kwa babu yake. Mashine, aghalabu, ni mtungi uliojaa punje ndogo za utomvu wa viwandani zilizokaliwa na sodiamu. Kalsiamu ya jiwe lile, ambayo ndiyo huyafanya maji yaitwe magumu, ikipita hung'ang'ania kukaa, na kwa kuwa, mithili ya abiria mnene wa matatu, huchukua viti viwili, sodiamu mbili hulazimika kushuka na kwenda zao na maji. Viti vikijaa, humiminwa maji ya chumvi kali, na sodiamu, kwa wingi wake tu, huikurupusha kalsiamu mpaka mtaroni. Hikima ya kweli, sikatai.

Lakini kisima changu, zaidi ya ugumu, kina chumvi, kwani visima vya pwani vikivutwa kupita kiasi huivuta bahari pia. Nikamuuliza kama mashine itaiondoa. "Hiyo ni mashine nyingine, maalim," akanijibu bila kupepesa. Yaani niyanunulie chumvi maji ya chumvi!

Na hapa mzaha wanitoka. Mji huu wavuta maji kutoka Mzima, huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na kutoka Baricho, Marere na Tiwi. Na mfereji wangu hutoa upepo. Ankara hufika, maji hayafiki. Twanunua mitungi ya lita 20 kwa wenye mikokoteni, na wasio na uwezo huo hunywa ya kisimani kama yalivyo, asitokee wa kuwauliza kuhusu povu. Katika mji wa namna hii naletewa mashine inayojiosha kwa maji, tena na tena, na kuyamwaga! Mwenye hoteli na mitambo yake ya maji moto, ambaye ukoko wa chokaa humlia umeme, na anunue, ana haki. Maji yanayopindukia miligramu 180 za ugumu kwa lita huitwa magumu sana, na yangu yamepindukia. Lakini Shirika la Afya Duniani halikuuwekea ugumu kikomo chochote kwa ajili ya siha. Birika hutibiwa kwa siki au ndimu: magamba hutoa povu, yakayeyuka. Ama chai, nimeweka tangi chini ya mfereji wa paa, kama watu wa visiwa vya Lamu walivyojenga majabia yao, kwa kuwa maji ya mvua hayajapata bado fursa ya kula mwamba.

Muuzaji angali akinipigia simu. Juzi alipunguza bei. Jana aliniahidi, kwa hisani yake, gunia la chumvi bure.